Laki moja, Emyooga, benki au parishi: ulinganisho wa misaada ya serikali kwa waliojiajiri nchini Uganda

Serikali ya Uganda ilipofunga nchi kwa mara ya pili, tarehe 18 Juni 2021, chama chetu cha mafundi cherehani hapa Busia, mpakani na Kenya, kilikuwa na wanachama 22, daftari moja la majina, na akiba ambayo theluthi mbili yake ilikuwa imeshaliwa tangu nchi ilipofungwa mara ya kwanza. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo simu za wiki ile zilinijia mimi. Wengi wa waliopiga walikwisha sikia kwamba serikali itasaidia. Walichotaka kujua ni msaada upi unamfaa nani, maana ndani ya mwaka mmoja hivi yalitajwa majina mengi: fedha za simu, Emyooga (mikopo ya vikundi vya kazi), nafuu ya mikopo ya benki, mfuko wa biashara ndogo, na baadaye mpango wa parishi (ngazi ya utawala yenye vijiji kadhaa). Ninailinganisha hapa kwa sababu baadhi ya milango hiyo ingali wazi, na kwa sababu ugonjwa mwingine ukizuka, milango itakayofunguliwa itafanana na ile tuliyoiona.

Vipimo vyangu ni vitatu. Cha kwanza ni muda wa fedha kumfikia mtu. Cha pili ni kama fedha hizo zinarudishwa au hazirudishwi. Cha tatu ni daftari ambamo jina la mwombaji linatakiwa liwe limeandikwa kabla msaada haujatangazwa. Watu wengi huanza kwa kuuliza kiasi, jambo ambalo si kosa, lakini katika miaka hii nimeona watu wengi zaidi wakikosa msaada kwa sababu ya daftari kuliko kwa sababu ya uchache wa fedha.

Fedha za simu

Msaada wa kwanza, wa Aprili 2020, ulikuwa chakula. Walilengwa watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso, kila mmoja kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe pamoja na chumvi. Sisi wa mpakani tuliusikia redioni tu. Abiria walikuwa wamezuiwa kuvuka tangu Machi, malori ya mizigo yakaendelea kupita, na wauza vyakula wakaagizwa walale hukohuko sokoni ili wasiubebe ugonjwa kwenda nao nyumbani, ilhali wauza nguo na vitambaa walifungiwa kabisa. Na duka la vitambaa likifungwa, cherehani nayo imefungwa. Kilichotushika mkono ni barakoa. Ilipoamriwa Mei mwaka huo kwamba kila anayetoka nje aivae, tulishona hata kwa mashuka.

Mwaka 2021 serikali ilibadili njia. Badala ya unga ilituma shilingi 100,000 kwa kila mtu aliyeorodheshwa, katika Kampala, majiji na manispaa, na Busia ikiwa manispaa ilikuwamo. Waliolengwa walizidi kidogo 500,000, na kazi zao zilitajwa kwa majina: waendesha bodaboda, madereva na makondakta wa teksi, wahudumu wa baa, wasusi, waosha magari, wauza chakula cha barabarani, walimu wa shule binafsi na wengineo. Malipo yalianza Julai, wiki tatu hivi baada ya amri. Kwa msaada wa serikali, wiki tatu ni haraka, na katika kipimo hicho hakuna mpango mwingine wa fedha ulioukaribia. Wala fedha hizo hazikurudishwa.

Udhaifu wa kwanza ni kiasi. Amri ilikuwa ya siku 42, na laki moja ikigawanywa kwa siku hizo inakuwa kama shilingi 2,380 kwa siku, ambayo inamtosha mtu mmoja kwa roleksi (chapati ya mayai) na chai, na haimfikishi mbali mwenye watoto wanne. Udhaifu wa pili ndio uliotutesa sisi. Majina yaliandikwa na viongozi wa vijiji na miji, kisha yakalinganishwa na kitambulisho cha taifa na namba ya simu. Mwenzetu mmoja, fundi wa sare za shule, aliandikwa vizuri, kazi yake ikiwamo katika orodha yetu na kitambulisho chake kikiwa halali, ila laini aliyoitumia miaka sita ilisajiliwa kwa jina la mumewe, ambaye wakati huo alikuwa amekwama upande wa pili wa mpaka. Jina la kitambulisho na jina la laini hayakuoana, na fedha hazikuja. Niliandika barua mbili kwa niaba yake. Nchi ilifunguliwa kabla hazijajibiwa.

Kwa hiyo fedha za simu ni za kula, si za kazi. Zinamfaa aliyefungiwa ghafla na asiye na akiba hata ya wiki moja. Anayepanga kununua bidhaa kwa fedha hizo atazila tu akiwa njiani kwenda dukani, na sioni sababu ya kumlaumu.

Emyooga

Mpango huu ulibuniwa kabla ya korona, mwaka 2019, ila fedha zake zilianza kushuka kwa watu wakati wa janga, na ndiyo sababu wengi wanauhesabu kuwa msaada wa korona. Umepangwa kwa kazi: bodaboda, mafundi cherehani, maseremala, wachomeleaji, wauza sokoni, wenye saluni, makanika, wavuvi, waandishi wa habari, wasanii, watu wenye ulemavu na wengine, jumla makundi 18 mwanzoni. Wenye kazi moja katika parishi huunda kikundi, na vikundi vyote vya kazi hiyo katika jimbo la uchaguzi huungana kuwa SACCO moja, yaani chama cha akiba na mikopo. Kila SACCO ilipewa shilingi milioni 30 kama mbegu, kupitia taasisi ya serikali ya Microfinance Support Centre. SACCO ya viongozi wa kuchaguliwa peke yake ilipangiwa milioni 50, tofauti ambayo nimeulizwa mara nyingi sababu yake nami sina jibu la kumridhisha fundi.

Milioni 30 inasikika nyingi mpaka uigawanye. Tuseme jimbo lina vikundi 15 vya mafundi: kila kikundi kitapata milioni 2. Kikundi kikiwa na watu 20, kila mtu ana laki moja. Yaani mgawo wake ni uleule wa fedha za simu, ila huu unarudishwa pamoja na riba. Hapo ndipo waliouona mpango huu kama zawadi walipokasirika. Lakini fedha za mbegu hazikukusudiwa zigawanywe sawasawa siku ya kwanza. Zikizunguka, mmoja anachukua laki tano mwezi huu na kuzirudisha kabla ya msimu wa sare, kisha mwingine anachukua, na kila mwanachama anaweka akiba yake juu ya mbegu ile. Katika chama chetu walionufaika ni wale waliokopa kwa jambo moja linalojulikana, kwa mfano marobota mawili ya kitambaa cha kaki mwezi wa Januari. Waliokopa kwa sababu zamu imefika walibaki na deni tu.

Mpango huu haufai kwa dharura. Kuunda kikundi, kukisajili, kuchagua viongozi, kufungua akaunti na kupata mafunzo huchukua miezi. Aliyeanza kukusanya majina Juni 2021 hakuona fedha kabla ya nchi kufunguliwa. Kwa upande mwingine haudai hati ya shamba wala leseni ya biashara yenye jina lako peke yako, kwa kuwa dhamana ni wenzako. Nao wenzako wanakujua, na hapo pana faraja na pana taabu: mwanachama akishindwa kulipa, si ofisa wa benki anayemfuata nyumbani, ni jirani yake anayeteka naye maji.

Kuahirishiwa deni

Kuanzia Aprili 2020 Benki Kuu ya Uganda iliruhusu benki na taasisi zilizo chini ya usimamizi wake kupanga upya mikopo ya waliodhurika na janga bila kuihesabu kuwa mikopo iliyoshindikana. Ruhusa hiyo ilikuwa ya miezi 12, kisha ikaongezwa hadi Septemba 2021. Riba ya Benki Kuu yenyewe ilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8 Aprili 2020, na hadi 7 mwezi Juni, ingawa riba anayotozwa mkopaji wa kawaida haikushuka kwa kasi hiyo na ilibaki jirani na asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka.

Msaada huu nimeutumia mwenyewe, na niliutumia vibaya. Nilikuwa na deni la shilingi milioni 3 katika taasisi moja ya mikopo, fedha za kununulia cherehani mbili za umeme. Niliomba niahirishiwe, nikapewa miezi sita ya kutolipa chochote, nikashukuru, nikaenda. Hakuna aliyenieleza, wala mimi sikuuliza, kwamba riba ilikuwa inaendelea kuhesabiwa. Kwa asilimia 20 kwa mwaka, milioni 3 inazaa shilingi 50,000 kila mwezi. Niliporudi kulipa nilikuta deni limeongezeka laki tatu. Ningeliomba nilipe riba peke yake kila mwezi na mtaji usubiri, jambo ambalo taasisi nyingi hukubali mtu akilitamka mapema, ningelitoka na deni lilelile nililoingia nalo.

Hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari ana mkopo, mlango huu ndio wa kwanza kubisha, kabla ya kuomba mkopo mpya mahali popote. Haumhitaji aorodheshwe na mtu. Daftari linalotakiwa ni lile la benki, na jina lake tayari limo. Ila lazima ajue mipaka yake. Ruhusa haikuwa amri, kwani kila taasisi iliamua ombi kwa ombi. Nayo haikuwagusa wakopeshaji binafsi, wala vikundi vya akiba vya mtaani, wala mikopo ya pikipiki iliyotolewa na kampuni zisizosimamiwa na Benki Kuu. Hili la mwisho liliwaumiza waendesha bodaboda kuliko kundi lolote ninalolijua, kwa kuwa mwaka 2020 walizuiwa kubeba abiria tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Julai, karibu miezi minne, huku marejesho ya pikipiki yakihesabiwa kwa wiki. Wengine waliziba pengo kwa kukopa kwa mkopeshaji binafsi. Tangu 2024 riba ya wakopeshaji hao imewekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni asilimia 33.6, na hicho ni kikomo cha sheria, si bei ya kichochoroni.

Mfuko wa biashara ndogo

Mwishoni mwa 2021 serikali ilitangaza mfuko wa kufufua biashara ndogo wa shilingi bilioni 200, nusu ikitoka serikalini na nusu ikitoka kwa benki zitakazoshiriki, chini ya uangalizi wa Benki Kuu. Riba haikutakiwa kuzidi asilimia 10 kwa mwaka, takriban nusu ya riba ya soko. Kwa karatasi, huu ndio mkopo bora kuliko yote ninayoilinganisha hapa.

Lakini masharti ya kuanzia yalitaka biashara iwe na wafanyakazi kati ya 5 na 49. Katika chama chetu cha watu 22, hakuna hata mmoja aliyekuwa na wafanyakazi watano. Mwenye wengi alikuwa na wanagenzi watatu, na wanagenzi hawalipwi mshahara. Aliyejiajiri peke yake alikuwa nje ya mlango kabla hajabisha. Benki nazo, zikiwa zimeweka nusu ya fedha zao wenyewe, zilidai vitabu vya hesabu na dhamana kama kawaida, na mfuko ulichukuliwa polepole mno. Sitaki kuurefusha: kama una saluni yenye waajiriwa sita, akaunti ya biashara na hesabu za miaka miwili, mkopo wa namna hii uuombe kabla ya mwingine wowote. Kama huna hivyo, usipoteze nauli.

Parishi

Mpango wa Maendeleo wa Parishi ulizinduliwa Kibuku Februari 2022, nchi ikiwa imeshafunguliwa na shule zimerudi Januari baada ya kufungwa karibu miaka miwili. Kila parishi, nazo zinazidi 10,500, imepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na familia hukopeshwa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na muda wa miaka miwili kabla ya kuanza kurudisha. Fedha huingia kwenye pochi ya simu iitwayo Wendi, ya benki iliyokuwa ikiitwa PostBank, sasa Pearl Bank.

Kwa masharti ya marejesho, huu unaupita Emyooga na unaipita benki: kwa milioni 1, riba ya mwaka mzima ni shilingi 60,000. Tatizo ni kwamba kimsingi ni mpango wa kilimo na ufugaji, uliokusudiwa familia zinazolima kwa ajili ya tumbo tu. Fundi anayeuomba anatakiwa awe mfugaji wa kuku au mkulima wa kahawa. Baadhi ya wanachama wetu wana robo ekari kijijini na wameuomba kwa haki kabisa. Wengine wameandika kuku ambao hawapo, wakanunua vitambaa. Hao siwashauri wala siwasengenyi. Ninasema tu kwamba ofisa wa parishi akija kuhesabu kuku, cherehani haitagi.

Kodi na daftari la mauzo

Kuna nafuu moja ambayo haikuitwa msaada na kwa hiyo haikupigiwa kelele. Tangu Julai 2020, biashara ndogo yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 10 kwa mwaka hailipi kodi ya mapato ya makadirio. Yenye mauzo kati ya milioni 10 na 30 hulipa shilingi 80,000 kama haina kumbukumbu za mauzo. Ikiwa nazo, hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Fundi mwenye mauzo ya milioni 20 na daftari safi hulipa 40,000, na jirani yake mwenye mauzo yaleyale asiye na daftari hulipa mara mbili.

Kwa wenzetu wa Uingereza daftari la namna hiyo ndilo lililokuwa msaada wenyewe. Mwaka 2020 na 2021 serikali yao iliwalipa waliojiajiri ruzuku tano zisizorudishwa, ya kwanza ikiwa asilimia 80 ya wastani wa faida ya miezi mitatu na isiyozidi pauni 7,500. Hakuna mwenyekiti wa kijiji aliyeandika majina. Mamlaka ya kodi ilikuwa na hesabu za kila mtu, ikakokotoa, ikalipa. Waliokosa ni wale ambao hesabu zao hazikuwamo: aliyejiajiri baada ya Aprili 2019 hakupata chochote katika ruzuku tatu za mwanzo, hata kama biashara yake ilikuwa imekufa kabisa. Kwetu, ambako walio wengi hawajulikani na mamlaka ya kodi, orodha ilibidi iandikwe upya nchi ikiwa imefungwa, na kiasi kikawa kimoja kwa wote kwa sababu hakuna aliyejua nani alikuwa anapata nini. Laki moja ilikuwa ndogo kwa uchache wa fedha serikalini, bila shaka, lakini ilikuwa sawa kwa wote kwa ukosefu wa madaftari.

Nani achague upi

Mwendesha bodaboda ambaye pikipiki yake ni ya mkopo aanze kwa kuuliza, leo na si siku ya amri, kama aliyemkopesha anasimamiwa na Benki Kuu. Akiwa anasimamiwa, kuahirishiwa deni kwa sharti la kulipa riba peke yake kunamfaa kuliko mkopo wowote mpya. Akiwa hasimamiwi, SACCO ya bodaboda ya jimbo lake ndiyo kinga aliyo nayo, na inafaa aingie wakati barabara ziko wazi, akiwa bado ana akiba ya kuweka.

Muuza mboga, ambaye mtaji wake unazunguka kila siku na ambaye sokoni anajulikana kwa jina, nampeleka Emyooga bila kusita. Mwenye shamba, hata dogo, ajaribu parishi kwanza kwa ajili ya lile shamba, na kazi yake ya mjini aiache kwa kikundi. Fedha za simu haziombwi. Huja au haziji, na kazi ya mtu ni kuhakikisha kwamba zikija zinamkuta. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu kufungwa kunakofuata si lazima kuwe kwa nchi nzima. Oktoba 2022 ni wilaya za Mubende na Kassanda tu zilizofungwa kwa sababu ya Ebola, kwa miezi miwili, wakati sisi wengine tukiuza kama kawaida, na wilaya moja ikifungwa peke yake haina hakika ya kutengenezewa orodha kama ile ya 2021.

Kwa upande wa chama chetu, daftari la majina lina safu mbili zaidi kuliko zamani. Ya kwanza ni ya jina la mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Ya pili ni ya jina la aliyesajili laini ya simu. Ishirini na mmoja wameshaoanisha majina hayo mawili. Yule fundi wa sare za shule bado laini yake ni ya mumewe, kwa sababu wateja wote wanaijua na anaogopa kuipoteza wakati wa kuihamisha. Safu yake nimeijaza kwa penseli.